Kwenda Pangani Kupunga Upepo

Mwaka ule wa hamsini na sita, Timotheo, karani wa mizani katika shamba la mkonge nyuma ya Pongwe, aliingiwa na wazo la kizungu. Alikuwa amemwona mke wa meneja akipakia watoto, kofia na mbwa kwenye gari, akaenda zake pwani mwezi mzima, si kwa ugonjwa, si kwa msiba, wala si kwa kesi. Alipouliza aliambiwa mama huyo amekwenda kupumzika tu. Timotheo alilitafuna neno hilo kama muwa, na utamu ulipomkolea akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba livu ya mwaka ule hawatakwenda kwao milimani. Watakwenda baharini kupunga upepo, wao na watoto wao.

"Watoto wetu wote?" Lea aliuliza.

"Kristofa na Safari. Kwani tuna wengine?"

Neno lilishamtoka. Akainama akaanza kufungua kamba za viatu alivyokuwa amekwisha kuvivua.

Walikuwa naye mwingine. Elizabeti, kifungua mimba wao, alikuwa Bumbuli kwa mama yake Timotheo. Alipelekwa huko wakati Lea ana mimba ya Kristofa, mimba iliyomtapisha asubuhi na jioni, na ilisemwa ni kwa muda tu, mpaka mama apate nguvu. Nguvu zilirudi, mtoto hakurudi. Kwao, mjukuu akishazoea kwa bibi, mkamwana hana kinywa cha kumdai. Kumdai ni kumwambia mama mkwe kwamba hajui kulea, au kwamba unamnyima mtu wa kumtuma maji uzeeni. Maneno kama hayo hupitia kwa mume. Basi kila livu ikikaribia Lea alimwambia Timotheo, mwombe mama. Na kila livu Timotheo alikaa faragha na mamake, akatoka akitikisa kichwa: mama hataki hata kusikia. Mwaka uliopita mtoto alijificha nyuma ya gauni la bibi yake akauliza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, huyu mgeni ataondoka lini. Watu walicheka. Lea naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya zizi la mbuzi akalia mpaka macho yakavimba.

Sasa hata hicho kimwezi kimoja cha kuitwa mgeni alikuwa ananyang'anywa, apewe bahari badala yake. Alimtaka mwanawe. Hakutaka kitu kingine duniani, na ndicho kitu pekee asichoweza kukitamka tena bila kujibiwa yale yale.

Kwa kuwa hakuweza kugombana na mama mkwe, na kugombana na Timotheo ni sawa na kupiga ngumi mto wa pamba, Lea alianza kugombana na miji.

Timotheo alitaja Tanga kwanza, kwa kuwa alikuwa na binamu Nguvumali mwenye nyumba ya vyumba vitatu. "Hiyo ni livu," Lea akasema, "au ni kwenda kumpikia binamu yako na wapangaji wake?" Alipotajiwa fukwe za Raskazone alisema zile zina wenyewe, na yeye hatawapeleka wanawe mahali ambapo watafukuzwa kama kuku. Tongoni aliikataa kwa sababu ya makaburi ya kale. Watoto wangecheza wapi, juu ya maiti? Kigombe hawakuwa na mwenyeji. Moa ilikuwa karibu na mpaka mno, mtu angeamka Kenya bila kujua. Pangani ina mto, na mto una mamba, na mkondo wa mto unameza watu wazima sembuse Kristofa ambaye hajui hata kukwepa mbuzi. Usiku alikubali Pangani, asubuhi akaikataa, mchana akaulizia tena habari za Moa.

Mwili wake nao haukutulia. Alifagia palipofagiliwa. Aliweka sufuria jikoni akaisahau, akaenda kusimama dirishani akiangalia barabara ya vumbi iendayo Muheza, kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kuja. Safari, mtoto wa mwisho, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa njiani, alinyonya akiwa anatembezwa chumbani huku na huku. Jirani yake akamtania, "Mama Kristofa, unachagua mji au unachagua mchumba?" Pale shambani wote walimwita Mama Kristofa. Hawakujua kuna jina la mbele yake, na kila walipomwita alihisi kama wanamsahihisha.

Mwishowe Timotheo alichoka. Akasema Pangani, na neno lake likabaki hapo, kwa kuwa Pangani alikuwapo Bwana Zubeiri, mfanyabiashara wa nazi aliyeliuzia duka la shamba, mtu mcheshi aliyekwisha kumwambia mara nyingi, njoo karani, nyumba yangu kubwa. Siku moja basi la Pangani liliposimama njia panda kupakia magunia, Timotheo alimfuata Mwinyijuma, dereva wa basi hilo, dirishani. Lea alikuwa pembeni na mtoto mgongoni, akasikia kila neno.

"Mwambie Bwana Zubeiri, mke wangu hatulii kabisa. Hali vizuri, halali vizuri, kila mahali anapakataa. Namleta kwake na watoto, akapunge upepo. Huenda akapata nafuu."

Injini ilikuwa inanguruma hata vioo vinatetemeka. Mwinyijuma alimtazama Lea kwa huruma kubwa, huruma ambayo Lea hakuielewa, akasema, "Usiwe na hofu, karani. Umepatia hasa pa kumpeleka."

Walipofika Pangani walipokewa kama watu waliotoka hijja. Bwana Zubeiri alimchukua Timotheo barazani akampa kahawa. Mkewe, Bi Mwanasiti, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimshika Lea mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama," Lea akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umefika, umefika. Kuna harufu usiyoipenda? Kuna samaki usiyemla?"

"Nakula wote, mama."

"Alhamdulillahi," Bi Mwanasiti alisema, akawatazama wanawake wengine wa nyumba, nao wakaitikia kwa vichwa. Lea akafikiri, kweli watu wa pwani wana adabu. Hawakumwacha ashike kisu wala achote maji kisimani. Walimpokonya watoto kwa upole wakawapeleka mchangani, na kila alipoinuka kwenda kuwatazama, mmoja aliinuka naye akamfuata nyuma. Bahari ilikuwa pale pale mwisho wa kichochoro, kubwa na yenye kelele, na Kristofa aliikimbilia akaikimbia, akaikimbilia akaikimbia, akipiga makelele ya furaha. Lea alimwangalia akacheka, kisha akajikuta anageuka kumtafuta wa pili wa kucheka naye, kabinti kenye miaka sita, na hakuwapo. Akarudi ndani. Akatoka tena. Bi Mwanasiti aliyaona yote hayo akanong'ona kwa jirani, "Unaona? Hampi hata nafasi ya kukaa."

Kesho yake, baada ya alasiri, walimwita uani. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa, chetezo kinafuka udi na ubani. "Kaa hapa tukufukize, mwanangu," Bi Mwanasiti alisema, na Lea akakaa. Alikwisha kusikia kwamba wanawake wa pwani hufukiza nguo na nywele, akaona si vibaya kurudi Pongwe akinukia. Walimfunika shuka jeupe toka kichwani ili moshi usipotee. Palikuwa na joto humo ndani, na kiza kizuri, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze hakuna mtu aliyemwona uso.

Ndipo kayamba zilipoanza kulia, chaka chaka chaka, mkono wa kuume na wa kushoto, na sauti ya mama mmoja asiyemjua, nzito na yenye kwaruza, ikasema karibu na sikio lake.

"Wewe uliyepanda kichwani, karibu. Mimi Mwamvua, sina ugomvi nawe. Pepo wa bara, pepo wa pwani, wote hukaribishwa hapa. Sema unataka nini, upewe, umwachie kiti wako, huyu uliyemkalia, apumzike."

Lea akaelewa. Alielewa huruma ya Mwinyijuma, na habari za samaki, na kisu alichonyang'anywa. Timotheo alisema upepo, injini ikameza herufi moja, na Pangani ikapokea pepo. Kicheko kilimpanda mpaka kooni. Nyuma ya kicheko ikaja hofu, maana yeye alikuwa Mlutheri wa kubatizwa na kupata kipaimara, na wazee wa kanisa wakisikia alikaa kwenye mkeka wa kupunga pepo wangemtenga na meza ya Bwana, tena kwa kumtaja jina mbele ya watu. Ilimpasa avue shuka, aombe radhi, waelezane, wacheke wote, wanywe chai.

"Unataka nini?" Bi Mwamvua aliuliza tena, akangoja.

Tangu aolewe, Lea alikuwa ameulizwa kama chumvi imetosha, kama mtoto amenyonya, kama nguo zimekauka. Hili hakuwahi kuulizwa na mtu aliyetulia kungoja jibu. Hakuwa na pepo, na hakujifanya anaye. Hakutikisika wala hakubadili sauti. Alilisema tu lile neno, kwa Kishambaa, kwa kuwa ndiyo lugha aliyokuwa akilisemea moyoni miaka yote hiyo, na alipolisema machozi yalimtoka kwa nguvu hata nusu ya maneno yakalowa.

"Amesema!" wanawake walipiga vigelegele. "Amesema nini?"

"Si Kizigua," mmoja alisema.

Palikuwa na mama wa Kibondei aitwaye Mboni. Akainamisha sikio. "Ni Kishambaa. Kinakaribiana na chetu, nimeshika neno moja moja. Lakini haja ya pepo haikisiwi. Mwiteni mumewe."

Timotheo aliletwa kutoka barazani, akaingia uani huku amekunja kofia mkononi, jasho linamtoka. Yeye pia alikwisha kuelewa, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

"Jamani, samahanini. Kuna makosa. Mimi nilisema upepo. U-pe-po."

"Upepo?" Bi Mwamvua akasema. "Pongwe hakuna upepo? Mtu atoke huko na mke na watoto na masanduku, afuate upepo, ambao hata mbwa anaupata bure? Hebu tuache. Mkeo amesema kwa lugha yenu. Kalimani."

"Lea," Timotheo akamwambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya kuomba, "umesema nini?"

Lea akarudia. Mara hii machozi yalikuwa yamepungua, na kila neno lilisikika. Namtaka mwanangu. Namtaka Elizabeti.

Lea, chini ya shuka, aliviona viatu vya mumewe vikisogea hatua nyuma.

"Anasema…" Timotheo aliikunja kofia yake tena. "Anasema anataka kanga. Doti moja."

Wanawake waliangua kicheko cha raha. "Kanga tu! Pepo wa karani huyu, hana makuu!" Mboni peke yake hakucheka. "Kanga? Mimi nimesikia mwana."

Lea aliwahi kukasirika maishani, lakini hasira ya namna ile hakuijua. Aliiona miaka yote mitatu kwa pamoja, Timotheo akitoka chumbani kwa mamake akitikisa kichwa, na swali likamchoma: huko ndani nako alikuwa akisema kanga?

"Sikusema kanga," akasema kutoka ndani ya shuka, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Kayamba zikanyamaza.

"Nimesema namtaka mwanangu Elizabeti. Waambie hivyo, Timotheo. Usiongeze la kwako wala usipunguze langu."

Timotheo aliwaambia. Aliwaambia polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Yu hai huyo mtoto?" Bi Mwamvua akauliza.

"Yu hai. Yuko Bumbuli, kwa mama yangu."

"Utampa au humpi?"

"Mama yangu hatakubali."

"Mama yako hajakaa kwenye mkeka huu. Nimekuuliza wewe."

Bwana Zubeiri alikohoa mlangoni. "Bwana karani," akasema, si kwa ucheshi wake wa siku zote, "haja ikishatajwa mbele ya watu ikazuiliwa, balaa lake halichagui nyumba. Na nyumba hii ni yangu. Basi la Muheza linaondoka asubuhi."

Likaondoka naye.

Siku zilizofuata Lea hakujua akae wapi. Bi Mwanasiti alipomletea uji alimwambia ukweli, kwa sababu alimpenda. "Mama, mimi sina pepo. Nilikuwa nasema mwenyewe."

"Nyamaza wewe," Bi Mwanasiti akamkemea, akaangalia huku na huku. "Usiseme hivyo mpaka mtoto afike."

Lea aliwaosha watoto mara mbili wakati mara moja ilitosha. Aliwapeleka baharini, akawarudisha kabla hawajalowa. Aliwaza treni ya kwenda Mombo, na lori la kupanda Soni, na mama mkwe mlangoni amesimama, mikono kiunoni, akisema hapana. Kisha aliwaza kwamba Timotheo amefika Muheza akanunua machungwa, akakaa kwa rafiki, na atarudi akitikisa kichwa. Hilo la pili alilisadiki zaidi. Kila honi iliyolia mjini ilimnyanyua.

Basi lilipokuja hakulisikia, alikuwa anapiga pasi. Kristofa ndiye aliyeingia mbio akisema bibi amekuja.

Kweli alikuwa amekuja. Mama yake Timotheo alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Zubeiri, amevaa gauni la Jumapili, mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika Elizabeti. Biblia ilikuwa kwapani. Nyuma yao Timotheo alikuwa na sanduku kichwani, macho kwenye magurudumu ya basi.

"Shikamoo, mama," Lea akasema, akainama.

"Marahaba. Nimeambiwa kuna pepo anamtaka mjukuu wangu. Nimekuja nimwone. Yuko wapi?"

Bi Mwanasiti alimfinya Lea mgongoni. "Sema bado yuko," akanong'ona. Timotheo naye alikuwa akimtazama kwa macho ya kusihi. Na njia ilikuwa nyeupe kabisa. Angenyamaza tu, mtoto angebaki. Lakini Lea aliliona la mbele yake. Pepo hupungwa akaondoka, na akishaondoka, kitu alichopewa hurudishwa kwa mwenyewe. Mtoto alikuwa amekua, meno mawili ya mbele yameng'oka, na alimkazia macho bila kumjua.

"Hakuna pepo, mama," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye ninayemtaka. Nimemtaka tangu Kristofa azaliwe, na kila mwaka nimekuomba."

"Umeniomba?" Mama mkwe alishusha mwavuli. "Umeniomba lini?"

"Kwa kinywa cha Timotheo."

Yule mama aligeuka taratibu akamtazama mwanawe. "Kila mwaka," akasema, "namwuliza huyu: mkamwana anasemaje kuhusu mtoto wake? Ananiambia, anasema akae tu, mama, upate wa kumtuma maji. Nikanyamaza. Nikawaza, mama gani huyu asiyemtaka mwanawe? Nikakuchukia, Lea. Mungu ananiona, nilikuchukia kanisani."

"Mimi aliniambia umekataa."

Wote wawili wakamtazama. Timotheo alilitua sanduku chini. Alikuwa mtu mwema, hakuna aliyewahi kusema vingine, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto anayengoja fimbo.

"Sikutaka mgombane," akasema. "Wewe mama ulikuwa peke yako tangu baba afe. Nikasema nikimleta mtoto utalia, nisipomleta Lea atalia. Lea alikuwa na mimi, wewe ulikuwa huna mtu."

"Sasa tutagombana," mamake akasema, "lakini kwa midomo yetu wenyewe. Wewe ondoka hapa mbele yangu."

Akaondoka, akaenda kukaa barazani kwa Bwana Zubeiri, na hakuna aliyempa kahawa.

Lea aliogopa ugomvi huo, akaungoja, lakini haukuja. Mama mkwe alikaa kizito kwenye ngazi ya mlango, akamvuta Elizabeti katikati ya magoti yake, akaanza kumfunga upya utepe wa nywele ambao haukuwa umefunguka. Alisema bila kuinua macho.

"Hali uji wa moto. Usimlazimishe, atautema. Upoze kwanza, utie maziwa juu, usikoroge."

"Ndiyo, mama."

"Radi ikipiga hujificha chini ya kitanda. Usimcheke. Lala naye chini."

"Ndiyo, mama."

"Usiku halali mpaka ashike sikio la mtu. Si lake, la mtu. Atalishika kwa nguvu, litauma kidogo, lakini vumilia, maana halichukui muda…" Akakaza utepe, akaufungua, akaufunga tena, na mikono yake ya mkulima ilishindwa kuupata mwisho wa fundo.

Lea alikaa chini mbele yake pale pale mchangani, asikose neno.

"Endelea, mama," akasema. "Sikio lipi, la kulia au la kushoto?"